Gongo la Mwanangu

Mimi ni mpishi wa gongo. Naanza hapo ili mtu asije akasema nilimficha. Nimepika nyuma ya nyumba yangu, Murungu, chini ya migomba, na ninajua kabisa kwamba serikali haitaki na kanisa halitaki. Kanisani nakaa benchi la mwisho. Wengine wakisogea kwenye Meza ya Bwana mimi nabaki nimekaa, kwa sababu nimeambiwa nisisogee, na sikubishana na mtu. Wakati wa mama mkwe wangu mimi nilikuwa nachota maji tu. Mpishi alikuwa yeye. Alipokufa nilikiosha chungu chake, nikakifudikiza chini, nikasema basi. Kikakaa hivyo miaka, kuku wanataga pembeni yake.

Aliyenifanya nikiinue tena ni mwanangu.

Ni mtoto wangu wa mwisho, lakini usifikiri kijana. Ni mtu mzima mwenye mvi kidevuni, mwenye mke na watoto. Wenzake wametawanyika na maisha yao, yeye alibaki kwenye uwanja huu na nyumba yake inatazamana na yangu. Anakunywa. Watu huniuliza alianza lini, na mimi sijui. Hakuna siku niliyomwona anaanza. Niliona tu kwamba mihogo imechelewa kupandwa, mwaka wa pili imechelewa tena, na mwaka wa tatu niliipanda mimi.

Ng'ambo ya bonde kuna mpishi mwingine. Yeye anapozea kwa rejeta ya gari bovu. Anaunga bomba la chungu kwenye rejeta, anaizamisha kwenye maji, gongo linatoka upesi na kwa wingi. Watu walimsifu kwa akili hiyo. Mwanangu alikuwa na rafiki yake tangu wakiwa wanachunga mbuzi, na wote wawili walikuwa wateja wa rejeta. Asubuhi moja yule rafiki aliamka akamuuliza mkewe mbona hakujakucha, na jua lilikuwa limeshafika mlangoni. Mpaka leo anaongozwa kwa mkono. Nilikwenda kumwona. Nilimkuta amekaa ukutani, amegeuzia uso upande usio na mtu, anasema, "Karibu mama, karibu kiti," na kiti hakikuwepo.

Nikarudi kwa miguu, goti linauma, na njiani nikaamua. Sikuwaza mambo makubwa. Niliwaza kwamba kunywa atakunywa, nimeshasema, nimeshalia, wachungaji wameshamwombea. Basi atakunywa cha mkononi mwangu, nikijua kimepita wapi.

Mkewe alinikuta nasugua chungu kwa mchanga.

"Mama, unafanya nini?"

"Naosha chungu."

"Chungu kipi?"

"Unakiona."

Wiki mbili baadaye alifunga nguo za watoto akaenda kwao Mabamba. Aliniaga kwa adabu, alinipigia hata goti. Akasema anaweza kuishi na mlevi, lakini mlevi na mpishi wake kwenye uwanja mmoja, hapo hawezi.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaijua kwa kunywa tu. Unachachusha ndizi na mihogo mpaka iwe pombe kali, unaitia kwenye chungu, unafunika na kuziba kabisa, unawasha moto. Mvuke unapanda, unatoka kwa bomba. Bomba likipita kwenye maji baridi, mvuke unageuka kuwa maji, na maji hayo ndiyo gongo. Kuchemsha hata mtoto anaweza. Kazi yote iko kwenye kupoza.

Mama mkwe alipozea kwenye umuvure, lile hori la mti tunalokamulia ndizi. Bomba lilipita humo limenyooka, na sisi tukamwagia maji. Lakini yeye alikuwa anapikia bondeni, mto uko miguuni pake. Mimi goti langu halishuki bonde. Nilikuwa napikia nyumbani na maji ya kubebewa, na kabla ugali haujaiva maji ya kwenye hori yameshakuwa ya kuogea. Mvuke ukawa unatokea mwisho wa bomba kama pumzi ya ng'ombe. Nusu inapotea hewani, nusu inatoka vuguvugu, inanuka moshi, na yote inatoka kwa vurugu, ya kwanza na ya mwisho pamoja.

Hapo ndipo palikuwa na ubaya, na lazima niseme kwa nini.

Kwetu kikombe cha kwanza cha mpiko ni cha mwenye nyumba. Kinakata pua, kinawaka kikiguswa na kiberiti, na mwanaume akipewa anajua kwamba ameheshimiwa. Kumbe hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Sayansi yake siijui, mimi niliishia darasa la pili. Nilifundishwa na mama mkwe kwa kuninong'oneza, naye alifundishwa na mama mkwe wake: cha kwanza kimwage kwenye majivu. Halafu chota kinachofuata, mpelekee baba kwa mikono miwili, mwambie ndicho cha kwanza. Wanawake wapishi wote wa zamani walifanya hivyo na hakuna aliyesema. Lakini ili ufanye hivyo, gongo lazima litoke tone kwa tone, la baridi, ukae pale na kikombe chako ulijue hili na lile. Mimi na hori langu la maji ya moto sikuweza kuvitenga.

Nikaenda Kasulu kutafuta bomba la shaba. Hilo la chuma la mama mkwe lilikuwa limeoza.

Niliambiwa kuna fundi wa friji karibu na soko. Nilimkuta amekaa katikati ya friji zilizofunguliwa matumbo, na kofia yake ya msikitini, anapuliza bomba kwa mdomo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Natafuta bomba la shaba."

"La friji gani?"

"Sina friji."

"Basi la nini?"

"La kupozea."

"Kupozea nini?"

"Mvuke."

"Mvuke wa nini, bibi?"

"Baba, hapa unauza bomba au unauza maswali?"

Akacheka. Akanivutia kigoda nikae. Akasema, "Ngoja nikuambie. Mimi mtu wa swala tano. Kuna kitu ukinitajia hapa, sitaweza kukuuzia wala kukuelekeza. Bibi yangu kule pwani alikuwa anachemsha maua ya waridi, anatoa maji ya kunukia. Nawe bila shaka unatengeneza maji ya waridi."

"Natengeneza maji ya waridi."

"Unatoka wapi?"

"Murungu."

"Murungu kuna waridi?"

"Kuna migomba."

Akaziba masikio kwa vidole viwili, akasema, "Sikusikia hata kidogo."

Ndivyo nilivyofundishwa. Alinishika mkono akauweka nyuma ya friji iliyokuwa inanguruma pale, juu kabisa, pakaniunguza. Akaushusha taratibu kwenye yale mabomba yaliyojikunja, mpaka chini, na chini palikuwa pa baridi. "Umeona? Kitu cha moto kinaingilia juu, kinashuka kinapoa. Nawe mvuke wako uingie juu, uzunguke ukishuka. Bomba lililonyooka linapita kwenye maji kama mtu mwenye haraka. Likunje, likae humo."

"Na maji?"

"Unayamwagia wapi sasa hivi?"

"Juu."

"Ndiyo maana. Maji ya moto yanapanda yenyewe. Ukimwaga baridi juu, unaipoteza, inatoka hata chini haijafika. Ingiza baridi chini kabisa ya pipa. Ya moto itajitoa kwa juu bila kuambiwa. Mvuke unashuka, maji yanapanda, vinapishana. Hutahitaji maji mengi."

Akanionyesha pia namna ya kulikunja. Bomba la shaba ukilikunja hivi hivi linabonyea na kuziba. Unalijaza mchanga mkavu, unaziba ncha zote mbili, ndipo unalizungusha kwenye kitu cha mviringo, kisha unaumwaga mchanga. Na akaniambia pa kuunga niunge kwa kubana na mpira na udongo, nisije nikalehemu kwa risasi, ni sumu.

Alipokuwa anapima bomba akauliza, bado anatabasamu, "Na mnunuzi wa hayo maji ya waridi ni nani?"

"Siuzi. Ni ya mwanangu."

Tabasamu likamtoka. Akalisogeza bomba mbele ya alama aliyokuwa ameweka, akakata refu zaidi, akalifunga kwenye gunia ili watu barabarani wasilione.

Nililikunja kwenye kinu. Nilikilaza, nikalizungushia bomba mara saba, mchanga mkavu umo ndani, ncha nimeziba kwa magunzi. Nilitumia siku nzima na mikono ilivimba. Nikapata pipa la plastiki la bluu, nikalitoboa ubavuni karibu na chini, bomba likatokea hapo, nikaziba tundu kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Maji nikayaweka kwenye dumu juu ya kichanja cha vyombo, mpira mwembamba ukayashusha mpaka kwenye sakafu ya pipa. Juu nikakata kijino, maji ya moto yakawa yanatokea hapo, yanatiririka kwenye gamba la mgomba, yanaingia kwenye beseni kivulini, yakipoa nayarudisha kwenye dumu.

Mara ya kwanza nusura liniue. Nilikuwa sijajua kwamba kila mzunguko lazima uwe chini ya ule uliotangulia, hata kidogo. Mzunguko mmoja wa katikati ulikuwa umelegea, umefanya tumbo. Gongo likajikusanya kwenye tumbo hilo, likaziba njia, mvuke ukakosa pa kwenda. Niliona udongo niliozibia kifuniko unapasuka mistari. Nikavuta kuni. Kifuniko kikaruka, na mvuke ukanipata mkono huu wa kushoto kutoka kiwiko mpaka kidole. Nikakaa wiki nne nimeufunga. Mwanangu ndiye aliyekuwa ananiosha kidonda, asubuhi kabla mikono yake haijaanza kutetemeka, na alikuwa ananiosha taratibu sana. Lazima niliseme na hili. Kisha ukifika mchana anakwenda ng'ambo ya bonde kwa rejeta.

Kidonda kilipokauka nililitoa bomba, nikafunga vipande vya mianzi kati ya mizunguko, kila mmoja ukakaa chini ya mwenzake kama ngazi. Nikapika. Nilikaa kwenye kigoda, kikombe mkononi, na tone la kwanza lilipodondoka kidoleni lilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Tone, halafu tone. Sikuona mvuke. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi kama mtu aliyefanya jambo jema.

Kikombe kilipojaa nilikimwaga kwenye majivu. Na mwanangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mama, hicho ni changu."

"Hiki si kizuri."

"Ni cha kwanza. Cha kwanza ni cha mwenye nyumba. Au mwenye nyumba hapa ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi mbona unayapa majivu?"

Nikaona nimechoka kudanganya. Nikamwambia, "Kaa." Akakaa. Nikamwambia, "Baba yako hakuwahi kunywa cha kwanza hata siku moja."

"Baba? Mimi nimemwona kwa macho yangu. Anapokea kwa mikono miwili, anatema kidogo chini, anakunywa."

"Alikunywa cha pili. Cha kwanza kilikuwa kwenye majivu tangu hajatoka ndani."

"Na babu?"

"Na babu."

Akanitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mgomba. "Kwa hiyo wanaume wote wa ukoo huu wamedanganywa."

"Wote. Ndiyo maana walikufa wazee."

"Na mimi nitakufa mzee?"

"Ndicho ninachokitafuta hapa," nikasema. "Lete kikombe."

Nilimpa cha katikati. Akakinywa, akafumba macho, akasema hajawahi kunywa kitu safi hivyo. Na kutoka siku hiyo hakwenda tena ng'ambo ya bonde.

Ndivyo nilivyotegwa, na mtego niliutengeneza mwenyewe, mizunguko saba.

Kwa maana gongo likiisha atavuka bonde. Kwa hiyo lisiishe. Kwa hiyo ndizi lazima ziwe zinachacha wakati wote, kuni ziwepo, dumu lijae. Siku za kupika ni tatu kwa wiki, na siku ya kupika huwezi kuondoka hata kwenda chooni bila wasiwasi. Moto ukizidi, mvuke unashinda maji. Ukipungua, gongo linakatika. Dada yangu wa Kasulu aliniita mara mbili nikamwone, ana presha. Nilikokotoa: kwenda, kulala siku moja, kurudi. Ni siku tatu. Sikwenda. Mazishini nakwenda, nazika, sikai matanga. Wanawake wenzangu wakadhani najitenga kwa aibu. Wengine walisikia gongo langu ni safi wakaja na chupa zao. Niliwafukuza. Wakasema nina roho mbaya. Labda. Lakini mimi sikupika kwa ajili ya watu.

Na yeye alikuwa amekaa. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Zamani alikuwa anavuka bonde, anapanda, anarudi, kuna siku mvua inamzuia, kuna siku anakutana na mtu anamvuta kulima. Sasa kikombe kiko hatua thelathini kutoka kitandani kwake. Akawa ananywa asubuhi. Akanenepa uso na kukonda miguu.

Nikaamua kuacha. Sikumwambia, sikuwasha moto tu. Siku ya pili alitetemeka mpaka kijiko kikawa kinagonga meno. Jioni aliniambia nifute siafu ukutani, na ukuta ulikuwa mtupu. Akaanguka, akakakamaa, povu mdomoni. Majirani wakanisaidia kumpeleka zahanati kwa pikipiki, mmoja mbele mmoja nyuma wamembana katikati, mimi nikifuata kwa nyingine. Nesi alipomtuliza akanigeukia.

"Amekuwa akinywa kila siku?"

"Kila siku."

"Na mmemkatia ghafla."

"Nimemkatia mimi."

"Bibi, usifanye hivyo tena. Mwili wake umezoea. Ukimnyima kwa mara moja anaweza kufa. Apunguziwe kidogo kidogo, na ni vizuri zaidi aende hospitali Kibondo, huko kuna vidonge na atalazwa."

Nikamuuliza mara ya pili ili nisije nikawa nimesikia vibaya. "Unasema nikampe?"

Akatazama pembeni. "Nasema usimkatie ghafla."

Hospitali alikataa. Alisema hawezi kulala kwenye wodi aonekane na watu wa Mabamba, habari zimfikie mkewe. Basi nikarudi kuwasha moto, sasa nimetumwa na nesi.

Kupunguza nilikujaribu kwa maji. Ndani ya chupa nilitia kijiko kimoja cha maji, wiki ya pili viwili, wiki ya tatu nikaongeza. Nilikuwa na tumaini. Nilimwona anakula. Siku moja alichukua kizibo cha soda, akamimina humo, akawasha kiberiti. Wanywaji wote huku hupima hivyo. Gongo zima huwaka moto wa bluu. Njiti ikazima. Akawasha nyingine. Ikazima.

"Umeichakachua, Mama."

"Nimeichakachua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki tatu."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikiweka kizibo chini polepole, akasema, "Kumbe hata mimi ni kama baba," akavaa shati akashuka bondeni.

Siku mbili hakurudi. Nilisimama pale mwisho wa shamba ambapo njia inaanza kuteremka, nikamwona mtu mdogo sana ng'ambo akipita kwenye uwanja wa rejeta, sikujua ni yeye au si yeye. Goti lilikataa. Nilijaribu hatua kama kumi za mteremko nikashika mti, sikuweza kushuka wala kupanda, mpaka mama mmoja mwenye kuni alipopita akanisukuma mgongoni kurudi juu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alikuja ameshika ukuta. Alipita karibu na mimi, nimekaa kivulini, hakunisalimia. Nikamwita. Akageuka, si kwangu, upande kidogo.

"Mama, mbona kuna moshi namna hii?"

Hakukuwa na moshi. Sikuwa nimewasha moto tangu aondoke.

Nilimshika nikamketisha. Nikainua vidole vitatu nikamuuliza ni vingapi. Akasema, "Mkono nauona." Tukakaa hivyo. Mchana akasema vidole viwili, alasiri akasema vitatu, na vilikuwa vitatu. Sikufurahi. Nilikuwa nimemwona yule rafiki yake amekaa ukutani, na sasa nilikuwa nimemwona wangu.

"Kesho tunakwenda Kibondo," nikamwambia.

"Nitatetemeka njiani. Nitaanguka mbele ya watu."

"Hutaanguka. Nitabeba."

"Utabeba safi?"

"Nitabeba ya katikati."

"Isiyo na maji?"

"Isiyo na maji."

"Basi twende."

Jioni hiyo hiyo nikapika. Ndiyo mpiko nilioufanya kwa uangalifu kuliko yote maishani. Nilimwaga cha kwanza, nikamwaga na cha mwisho, nikaweka ya katikati kwenye chupa ya dawa ya kikohozi niliyoichemsha, nikabeba na kizibo cha kupimia. Asubuhi tukapanda gari, mimi na mkoba wa kwenda kanisani umekaa mapajani, ndani yake chupa. Kila alipoanza kushikilia magoti nilimpa kizibo kimoja, nimemfunika kwa kanga kama mama anayenyonyesha. Abiria walitazama nje.

Hospitali nesi wa mapokezi aliandika. Jina, umri, tatizo. Akauliza anakunywa nini. Mwanangu akasema gongo. Akauliza analipata wapi. Mwanangu akatazama chini.

"Kwangu," nikasema.

"Unamnunulia?"

"Nampikia."

Kalamu ikasimama. Nikadhani ataita askari. Nikafungua mkoba, nikaweka chupa mezani, nikamweleza vizibo vingapi amekunywa na saa ngapi, maana nilijua atataka kujua. Akaandika hivyo pia. Akaichukua chupa akaifungia kabatini, akasema, "Huku ndani hataihitaji, bibi." Nikajisikia mikono mitupu, sijui hata nieleze vipi.

Siku ya tano mkewe alikuja kutoka Mabamba. Habari zilikuwa zimemfikia, kama mwanangu alivyoogopa. Alikaa naye, akamlisha uji, kisha akanifuata kwenye benchi la nje.

"Mama, akitoka hapa anarudi wapi?"

"Nyumbani."

"Na pipa?"

Niliufungua mkoba mtupu, nikaufunga.

"Pipa likiondoka, nitarudi na watoto. Likibaki, sirudi. Sisemi kwa hasira."

"Najua."

Nikamwacha hapo na mumewe, nikatangulia Murungu. Ndizi zilizokuwa zinachacha nilizikuta zimefura mpaka zimesukuma kifuniko, tayari kabisa kwa chungu. Nilizimwaga kwenye mashina ya migomba, ndoo kwa ndoo. Kazi ya asubuhi nzima. Chungu nilikivunja, ni udongo, nitapata kingine cha maharage. Juzi mkwe wangu akafika na watoto, tukalibeba pipa sisi wawili, tukalipeleka kwenye kona ya nyumba, sasa linakinga maji ya mvua, tundu nimeliziba.

Likabaki bomba. Mkwe alinitazama nalifungua, nafuta udongo kila mzunguko. Akadhani nitalirudisha Kasulu kwa fundi. Mimi nikalifunga kwenye gunia nikalisukuma chini ya kitanda changu.

"Mama, hilo la nini tena?"

Mwanangu anarudi kesho. Sikutaka aanze nyumba yake upya juu ya uongo mwingine wa wanawake. Nikamwambia mkewe, "Nesi wa Kibondo amesema wengi huanguka tena kwenye pombe. Akianguka, nikamwona anaelekea bondeni kwa rejeta, nitalitoa. Afadhali ulijue leo."

Alikuwa anamenya mihogo. Akamaliza huo uliokuwa mkononi, akautupa kwenye beseni, akachukua mwingine.

"Basi na mimi nguo zangu sitazitoa kwenye mfuko," akasema.

Nikamwambia asizitoe. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu, nikakaa kumsaidia.